Sponji Iliyooza Isikukimbize: Kununua na Kufufua Spika za Zamani

Kitambaa cha mbele kikishatolewa kwenye spika ya miaka ya 1970, mara nyingi kinachoonekana kwanza kinakatisha tamaa. Utepe wa sponji unaoshika koni umegeuka unga mweusi, vipande vingine vimegandia kwenye fremu, na koni yenyewe imelegea. Mnunuzi mgeni hugeuza uso. Muuzaji naye, akijua mali yake ina kasoro, hushusha bei hadi ya kutupa. Pembeni ipo jozi nyingine: maboksi yanang'aa, koni zote nzima, bei imesimama. Wengi huondoka na hiyo ya pili, na wakifika nyumbani wanagundua twita moja, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ni bubu na ya pili siyo iliyotoka kiwandani.

Kwenye spika za zamani, ubovu unaoonekana ndio wa bei nafuu. Unaomaliza pesa ni ule uliojificha. Sponji mpya hununuliwa na kubandikwa. Kapasita hubadilishwa. Lakini koili iliyoungua, twita ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza miaka 40 iliyopita, au wufa (spika kubwa ya besi) iliyobadilishwa kimyakimya, havina duka. Kwa hiyo mnunuzi mwerevu hulipia vile visivyopatikana tena, na vile vinavyochakaa huviingiza kwenye hesabu ya matengenezo, kama anunuaye gari la mtumba anavyohesabu matairi.

Zilipotoka

Mwaka 1954, Edgar Villchur na Henry Kloss, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, walianzisha kampuni ya Acoustic Research mjini Cambridge, Massachusetts. Hadi wakati huo, aliyetaka besi nzito sebuleni alilazimika kuweka boksi lenye ukubwa wa kabati. Villchur alilegeza koni, akaifunga kwenye boksi dogo lisilovuja, akaiacha hewa iliyobanwa ndani ifanye kazi ya springi. Spika hiyo, iliyoitwa AR-1, ilifuatwa mwaka 1958 na AR-3, iliyokuja na twita ya umbo la kuba, umbo ambalo leo limejaa kwenye spika za nyumbani. Kloss alihama, akawa mmoja wa waanzilishi wa KLH mwaka 1957, kisha akaanzisha Advent, ambayo spika yake kubwa iliyotoka karibu na mwaka 1970 iliuzwa kwa wingi Marekani.

Uingereza ilikuwa na mkondo wake. Gilbert Briggs alianzisha Wharfedale huko Yorkshire mwaka 1932. Tannoy walitoa Dual Concentric mwaka 1947, spika ambayo sauti nyembamba hutokea katikati ya wufa ileile. BBC, kwa kuhitaji spika ndogo ya kusikilizia ndani ya magari yao ya matangazo, walibuni LS3/5A katika miaka ya 1970 na kuwapa leseni watengenezaji kama Rogers, Spendor na Chartwell. Japani nayo ikaleta Yamaha NS-1000M mwaka 1974.

Umri peke yake hauipi spika ubora. Miaka hiyohiyo viwanda vingi vilitengeneza maboksi makubwa yenye wufa ya inchi 15 na twita za karatasi zilizopangwa mstari, ili yapendeze kwenye vioo vya maduka. Ndani yake mara nyingi kuna kapasita moja tu na sumaku ndogo kuliko kisosi. Hayo hayafai gharama ya kufufuliwa, hata kama boksi lake ni zuri.

Kingo za aina nne

Jambo la kwanza la kujua kuhusu spika yoyote ni ukingo wa koni umetengenezwa kwa kitu gani, kwa sababu hapo ndipo panapoeleza muda uliobaki.

Sponji ya poliyurethani ndiyo inayooza. Unyevu wa hewani huvunja muundo wake polepole, hata spika ikiwa imefunikwa stoo bila kupigwa. Miaka 10 hadi 20 kwa kawaida inatosha kuimaliza, na kwenye hewa yenye unyevunyevu ya Mombasa, Tanga au Unguja hakuna sababu ya kutarajia zaidi. Advent, AR za miaka ya 1970 na Tannoy HPD za mwaka 1974 zote ziko kwenye kundi hili. Zikipatikana na sponji nzima, swali la kumuuliza muuzaji ni moja: ilibadilishwa lini, na nani?

Raba hudumu sana. Spika ndogo za Dynaco A-25 zilizotengenezwa Denmark, na wufa ya KEF B110 iliyomo ndani ya LS3/5A, bado hukutwa na kingo zao za awali zikiwa laini. Zikikakamaa au kuanza kupasuka, hiyo ni dalili ya jua au joto kali.

Kitambaa kilichopakwa dawa ya kuziba hewa hakiozi upesi, ila dawa yake hukauka na hewa ikaanza kupenya. AR-3a za mwanzo zina ukingo wa aina hii. Karatasi iliyokunjwa, ambayo ni mwendelezo wa koni yenyewe, huishi muda mrefu isipochanwa. JBL L100 ya mwaka 1970 inachanganya wengi hapa: sponji yake maarufu ya mbele, yenye miraba, humong'onyoka kabisa, lakini ukingo wa wufa yake hauna sponji. Inatisha kwa nje tu.

Sumaku na vita vya Kolwezi

Watangazaji wa spika za zamani hupenda kutaja alniko, yaani sumaku za alumini, nikeli na kobalti. Bei hupanda kwa neno hilo tu. Historia yake inapitia Kongo. Mwezi Mei 1978 waasi waliotokea Angola waliingia Kolwezi, katika mkoa wa Shaba, ambao kabla na baada ya hapo uliitwa Katanga. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ndiyo iliyokuwa ikitoa kobalti nyingi kuliko nchi nyingine yoyote, na bei ya madini hayo ikaruka mara kadhaa. Watengenezaji wa spika waliokuwa bado wanategemea alniko walilazimika kuhamia feriti, sumaku za kauri zisizohitaji kobalti. JBL walikuwa wamebuni upya mfumo wao wa sumaku ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kwa mnunuzi, alniko siyo hakikisho la sauti nzuri. Sumaku hiyo inaweza kupungua nguvu ikipigwa kwa sauti kubwa kupita kiasi au ikidondoshwa, wakati feriti huvumilia zaidi. Spika moja ikilia kwa sauti ya chini kuliko mwenzake na kila kitu kingine kikiwa sawa, sumaku iliyochoka ni mojawapo ya vitu vya kushukiwa.

Nusu saa mbele ya muuzaji

Awe mnadani, kwa mtu binafsi au kwenye duka la mitumba ya vifaa vya umeme kutoka Ulaya na Dubai, mnunuzi anahitaji tochi, bisibisi, mita ya fundi, betri ndogo ya voti 1.5 na amplifaya ndogo ya kujaribia. Muuzaji anayekataa boksi lifunguliwe ana haki yake, lakini bei ilingane na hatari hiyo.

Kazi ianze kwa macho. Vichwa vya skrubu vilivyokwaruzwa vinaonyesha kuwa boksi limeshafunguliwa. Namba zilizogongwa nyuma ya wufa mbili zifanane, na za twita vilevile. Namba za maboksi zikifuatana, ni dalili njema kwamba jozi haijatengana tangu kiwandani. Boksi likigongwa kwa kifundo cha kidole litoe mlio mkavu. Likilia kama limepasuka, viungo vimeachia. Unga laini chini yake na vitundu vidogo ni alama za bungua, na mbao iliyovimba kwenye pembe imekunywa maji. Chipbodi iliyovimba hairudi.

Kisha zamu ya vidole. Mkaguzi huweka ncha za vidole vya mikono yote miwili pande mbili za koni, karibu na kofia ya katikati, na kuisukuma ndani polepole na sawasawa. Ikienda kimya na kurudi, koili iko huru. Ikikwaruza, kuna tatizo: koili imepinda, imebabuka kwa moto, au sumaku imesogea baada ya kuanguka. Mkwaruzo unaosikika pale tu ukingo umeoza unaweza kutoka kwa koni iliyokaa upande, na huisha sponji mpya ikiwekwa. Mkwaruzo kwenye wufa yenye ukingo mzima ni sababu ya kuondoka. Pua nayo isaidie: koili iliyoungua huacha harufu ambayo haitoki upesi.

Kuba za twita zisiguswe. Kwa Yamaha NS-1000M onyo ni kali zaidi, kwa sababu kuba zake ni za berili, madini ambayo vumbi lake ni sumu. Kuba iliyovunjika kwenye spika hiyo haijaribiwi kutengenezwa nyumbani.

Mita huonyesha ambacho macho hayaoni. Wufa iliyoandikwa omu 8 kwa kawaida husoma kati ya 5.5 na 7. Ya omu 4 husoma 3 na ushee. Isiposoma kitu, waya umekatika. Ikisoma karibu na sifuri, koili imegusana. Twita hupimwa ikiwa imechomolewa kwenye krosova, sakiti ya kugawa sauti iliyomo ndani ya boksi, kwani kapasita huizuia mita kuiona.

Betri huguswa kwa nukta moja tu, kwenye wufa, kamwe si kwenye twita. Chanya kwa chanya, koni itoke nje. JBL nyingi za zamani hufanya kinyume, koni huingia ndani, na huo ndio utaratibu wao wa kiwandani. La msingi ni spika zote mbili zifanye vilevile.

Mwisho muziki upigwe, na uwe ule ambao mnunuzi anaujua vizuri. Rekodi ya mono, kama zilivyo nyingi za bendi za dansi za zamani, ni kipimo kizuri. Mwimbaji asikike katikati kabisa ya spika mbili. Akiyumba upande mmoja au sauti ikitawanyika isikamatike, spika hazilingani au waya za moja zimegeuzwa. Kanuni na fidla za taarab huanika twita iliyokufa ndani ya dakika moja. Sikio lisogezwe kwenye kila twita, sauti ikiwa ndogo, kisha spika zibadilishwe kushoto na kulia ili isije ikawa kasoro ni ya amplifaya.

Sponji mpya, hatua kwa hatua

Kubandika ukingo mpya ni kazi ya mkono mtulivu kuliko ya elimu kubwa. Vipimo vitatu lazima vilingane: kipenyo cha ndani ya fremu, kipenyo cha koni, na upana wa mviringo wa sponji yenyewe. Inchi iliyoandikwa kwenye tangazo haitoshi, maana wufa mbili za inchi 10 zinaweza kuhitaji sponji tofauti. Wauzaji wa vifaa hivi huziorodhesha kwa jina la spika, na hilo ndilo jina la kuagizia.

Sponji ya zamani hukwanguliwa kwa kisu butu, mabaki yakalainishwa kwa spiriti. Koni za karatasi hazipendi kuloweshwa, na koni za plastiki huharibiwa na asetoni, kwa hiyo kitambaa kiwe na unyevu kidogo tu. Gundi nyeupe ya maji au ile iliyotengenezwa maalumu kwa spika inafaa, kwa kuwa inampa fundi dakika kadhaa za kusogeza. Supagluu haifai, ikishika vibaya, imeshika.

Ugumu uko katika kuiweka koili katikati ya pengo la sumaku, pengo ambalo ni jembamba mno. Mafundi hutumia njia mbili. Ya kwanza ni kukata kofia ya katikati, kuchomeka vipande vya plastiki nyembamba kuzunguka koili, kubandika, kuvitoa siku inayofuata, kisha kurudishia kofia. Ya pili huiacha kofia: sponji hubandikwa kwanza kwenye koni, ikikauka hupakwa gundi upande wa fremu, na wakati huo wufa hupigiwa mlio mzito wa takriban hezi 30 kwa sauti ndogo. Koni ikiwa katikati mlio huwa safi. Ikienda upande, hukwaruza, na vidole huisogeza mpaka inyamaze. Koni ikaguliwe tena kwa vidole kabla gundi haijakauka.

Kwenye maeneo ya pwani wapo wanaotaka raba badala ya sponji ili kazi isirudiwe. Shauku hiyo inaeleweka, lakini raba ni nzito na ngumu zaidi, na hubadilisha mwendo wa koni ambao mbunifu alihesabu pamoja na hewa iliyo kwenye boksi. Advent au AR iliyozaliwa na sponji irudishiwe sponji. Mpira wa tyubu, kitambaa cha jinzi na silikoni visikaribie koni.

Kapasita na vidhibiti

Ndani ya boksi kuna krosova, inayogawa sauti nene kwa wufa na nyembamba kwa twita. Koili za shaba za krosova hazizeeki kirahisi. Kapasita za elektrolitiki huzeeka: kimiminika chake hukauka, thamani huhama, na twita huanza kusikika kwa mbali au kwa ukali usio wake. Zikiwa na umri wa miaka 40 ni busara kuzibadilisha.

Kapasita mpya iwe na idadi ileile ya maikrofaradi na voti zisizopungua za mwanzo. Iwe isiyo na upande wa chanya na hasi, kwa sababu zile za kawaida za redio zina upande na hazifai peke yake. Dukani kukiwa na hizo tu, mbili zenye thamani sawa huunganishwa hasi kwa hasi, na jumla huwa nusu: mbili za maikrofaradi 10 hutoa 5. Kapasita za filamu ni bora na hudumu, ila zina ukinzani mdogo kuliko zile za awali, na twita inaweza kung'aa kupita ilivyokusudiwa. Mafundi wengine huongeza rezista ya nusu omu hivi kurudisha uwiano. Spika moja itengenezwe kwanza, isikilizwe sambamba na isiyoguswa, ndipo ya pili ifuate.

AR za zamani zina ugonjwa wao: vidhibiti vya twita vilivyoko nyuma hupata kutu ya kijani na kukata sauti. Twita inayoonekana imekufa huenda ikafufuka kidhibiti kikizungushwa mara kadhaa. Baadaye kifunguliwe na kusafishwa vizuri.

Pamba iliyomo ndani, hasa ya nyuzi za kioo, hushikwa kwa glavu na barakoa, na kurudishwa yote bila kupunguza, kwani wingi wake ni sehemu ya hesabu ya sauti. Boksi la aina ya AR lazima lizibwe tena kabisa. Kipimo chake ni rahisi: wufa isukumwe taratibu na kuachiwa. Ikirudi polepole, hewa haitoki. Ikirudi kwa kuruka, kuna mahali panapovuja, na mara nyingi ni pale wufa inapokaa kwenye mbao.

Mbao na kitambaa

Maboksi mengi mazuri ya wakati huo yana ganda jembamba la wolnati au msaji juu ya chipbodi au plaiwudi, na ganda hilo huwa chini ya milimita moja. Mashine ya kupiga msasa hulimaliza kwa sekunde chache. Kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, msasa laini wa mkono kwa kufuata nyuzi za mbao, kisha mafuta ya mbao mara mbili au tatu, hutosha kwa boksi lililochoka tu. Rangi ya mafuta hufuta thamani ya kuuzia.

Kitambaa kipya cha mbele kichaguliwe kwa mdomo. Kiwekwe mbele ya midomo na kupulizwa: pumzi ikipita bila kuzuiliwa, sauti nayo itapita. Kitenge kilichofumwa kwa kubana, hata kiwe kizuri namna gani, kitaziba twita.

Amplifaya na sebule

Kila ongezeko la desibeli 3 linahitaji nguvu mara mbili. Spika yenye wepesi wa desibeli 93 ikitosheka na wati 8, yenye desibeli 84 itataka wati 64 kutoa sauti ileile. Ndiyo maana LS3/5A, yenye takriban desibeli 83, ni spika ya chumba kidogo na sauti ya wastani, ilhali Klipsch La Scala yenye zaidi ya 100 huridhika na amplifaya ya wati chache. AR-3a ni ya omu 4 na inahitaji amplifaya isiyochoka kwa mzigo huo. Kinyume na wengi wanavyodhani, amplifaya ndogo iliyofunguliwa mpaka mwisho huua twita haraka kuliko kubwa inayotumiwa kwa kiasi, kwa sababu mawimbi yake hukatwa vichwa na nishati ikamiminika juu.

Quad ESL ya mwaka 1957, spika ya elektrostatiki ya Peter Walker, inasifiwa kwa haki kwa sauti ya binadamu. Lakini ndani yake mna maelfu ya voti, haipendi amplifaya kubwa, na vumbi na unyevu huisumbua. Haifai kuwa kazi ya kwanza ya mtu anayejifunza. Dynaco A-25, Advent na Wharfedale Linton ni mahali pa salama zaidi pa kuanzia.

Sebule nyingi za Afrika Mashariki zina kuta za matofali ya saruji na sakafu ya vigae, na sauti hurukaruka humo. Zulia kati ya spika na kiti, mapazia mazito na rafu ya vitabu hubadilisha mengi kabla mtu hajanunua waya wa bei mbaya. Twita ziwe kwenye urefu wa masikio ya aliyeketi. Umbali kutoka ukutani uanze na sentimita 40, kisha zisogezwe mbele au nyuma kidogo kidogo mpaka besi ya bendi isikike noti kwa noti. Pale umeme unapokatika mara kwa mara, amplifaya iwe ya mwisho kuwashwa na ya kwanza kuzimwa, ili mshtuko wa vifaa vingine usifike kwenye koni.

Baada ya wiki chache za kupigwa, skrubu za wufa hukazwa tena kwa mkono, maana vifungio vipya hukaa na kubonyea. Kapasita zilizotolewa, skrubu za awali na vibandiko vya nyuma visitupwe. Viwekwe kwenye bahasha iliyoandikwa jina la spika, thamani za kapasita mpya na tarehe ya kazi. Siku spika zikiuzwa, mnunuzi anayejua atauliza kilichobadilishwa, na jibu litakuwa kwenye bahasha hiyo.